Kikombe Juu ya Boneti

Kitanda changu cha chuma kiligeuzwa kiti cha gari, halafu watu wakaniuliza kwa nini nina hasira. Hebu niambieni nyinyi. Mwanamke anaamka alfajiri kwenda kuteka maji, anarudi anakuta godoro liko chini na mumewe yuko uani na msumeno wa chuma, anapiga mluzi. Mluzi! Nikamwambia, "Kibwana, hicho ni kitanda alichonipa mama siku ya harusi." Akanijibu bila hata kuinua kichwa, "Mwanamwema, tutakikalia vilevile, tena kitakuwa kinatembea."

Ndiye mume wangu huyo, fundi Kibwana. Wakati wa vita aliendesha malori ya jeshi huko Burma, akarudi Lushoto na koti moja, bisibisi tatu na ugonjwa wa magari usio na dawa. Mchana alitengeneza malori ya watu, jioni akatengeneza gari lake mwenyewe. Si gari la kubeba kabichi, thubutu! Gari la mbio, la watu wawili, lisilo na paa. Huku kwetu, ambako mbuzi mwenyewe hashuki mpaka afikirie kwanza.

Injini na chesisi alivitoa kwenye kigari cha Mzungu mmoja wa kahawa aliyehama. Kigari hicho kilikuwa na sifa mbaya wilaya nzima. Tangi lake la petroli lilikuwa nyuma ya kiti, wala halikuwa na pampu. Petroli ilijitiririkia yenyewe mpaka kwenye injini mbele. Kwenye tambarare, sawa. Kikianza kupanda, pua ikiinuka, petroli inarudi nyuma, injini inakohoa mara mbili, inakufa. Hapo ni kusukuma tu. Baba yangu, mzee Shabani wa Lukozi, aliwahi kukamatwa njiani pamoja na wenzake watano, wakakisukuma mlima mzima mpaka juu, na tangu siku hiyo mgongo wake unajua mvua kabla ya mawingu. Kwetu kigari hicho hakikutajwa wakati wa kula.

Basi Kibwana akakivua bodi, akakishonea nyingine ya mabati ya mapipa, akaipaka rangi ya kijani iliyobaki kwenye milango ya msikiti. Ikabaki kazi ya matairi, na hapo ndipo nyumba yangu ilipogeuka baraza.

Alikuwa na jozi tatu. Mawili madogo ya inchi kumi na nne, ya kigari chenyewe. Mawili ya kati, ya inchi kumi na sita, mabaki ya jeshi. Na mawili makubwa ya inchi ishirini, ya lori la mbao. Rimu zote alizitoboa upya zikubali kukaa popote. Swali likawa moja tu: yapi yakae mbele, yapi nyuma?

Mwalimu Leonard alikuja kila jioni na gazeti lake la Kiingereza la picha za magari. Mwalimu huyu alitoka Tanga, na spana alikuwa hajaishika maisha yake yote, ndiyo maana alijua kila kitu.

"Makubwa nyuma, madogo mbele," akasema. "Gurudumu la nyuma ndilo linalosukuma. Tazameni picha hii."

"Picha hiyo imepigwa Ulaya, mwalimu, kwenye barabara iliyonyooka kama rula," akadakia Hamisi, utingo wa lori la mboga, mtu aliyeshuka Mombo na kupanda tena karibu kila siku ya Mungu. "Hapa petu weka makubwa mbele. Sungura ana miguu mirefu nyuma. Akipanda mlima humpati, lakini mfukuze mteremkoni uone anavyobingirika."

"Sasa gari lipande au lishuke?"

"Anayepanda atashuka!"

"Na anayeshuka lazima awe amepanda kwanza!"

Jioni tatu mfululizo, jamani, na chai ni yangu. Kibwana anapandisha jeki, anafunga haya, anafungua yale, anarudi nyuma hatua tano, anafumba jicho moja, anasema, "Halijakaa sawa." Wenzake nao wanafumba jicho moja. Wanaume watatu, macho matatu, na hakuna lililoona kitu.

Jioni ya tatu nikachoka. Nikachukua kikombe changu cha bati cha maua, nikakijaza chai mpaka ukingoni, nikakiweka katikati ya boneti. "Kipimo hiki hapa," nikawaambia. "Chai isipomwagika, gari limekaa sawa. Ikimwagika, halijakaa. Mkimaliza nirudishieni kikombe changu, na sukari ya kesho mje nayo."

Wakacheka. Kibwana hakucheka. Alinitazama vile alivyonitazama mara ya kwanza kabisa, pale gulioni, nilipokuwa nagombana na mtu juu ya bei ya maharage.

Wakajaribu makubwa mbele kama alivyotaka Hamisi: chai yote ikaenda kwenye kiti. Wakajaribu ya kati mbele na makubwa nyuma: ikamwagika kidogo, upande uleule wa kiti. Wakafunga madogo kabisa mbele na yale ya lori nyuma. Nikajaza kikombe kwa mkono wangu. Tukakitazama sote tumeshika pumzi. Hata tone.

"Basi," akasema Kibwana, "kwisha maneno." Hata Hamisi alikubali. Mimi nilitembea siku zile kichwa juu, nikawa nawatazama wanawake wenzangu kisimani kama nimesomea Makerere.

Iddi pili ndiyo siku aliyochagua kulionyesha gari. Watu wote walikuwa kwenye kiwanja cha mpira, mahali pa pekee Lushoto ambapo ukiweka mpira chini unatulia. Mimi nilitangulia na wanawake, na kanga mpya. Tukasikia injini inanguruma vizuri kabisa. Watu wakapisha. Gari likaingia kiwanjani.

Loo! Pua chini, makalio juu. Limeinama kama kuku anayekunywa maji. Kibwana mwenyewe amejikaza kwenye usukani kwa mikono miwili asije akateleza mpaka kwenye injini, na kofia yake ya Iddi imemshukia machoni. Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Wazee waliokuwa wamekaa wakasimama, waliosimama wakakaa chini kwa kucheka.

Kornelio, karani wa baraza, mtu wa kupima mashamba, akalizunguka gari mara mbili, akajipiga paji la uso. "Fundi, hili ulilipimia wapi? Uani kwako?"

"Uani kwangu."

"Ua wako si umelala ubavuni mwa kilima! Gari umeliegesha pua imeelekea mlimani, ukalisawazisha hapo hapo. Sasa limekaa sawa na kilima chako, halikukaa sawa na dunia!"

Na ni kweli. Sisi watu wa milimani tumezaliwa kwenye mteremko, tunapika kwenye mteremko, chungu tunakiwekea kijiwe upande mmoja wala hatukumbuki kwa nini. Nani kati yetu angeuona ua kuwa umeinama?

Mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Nilicheka nikaketi kwenye majani, kanga ikanitoka kichwani, nikafuta machozi kwa ncha yake. Kicheko changu kilisikika kuliko vyote, nina sauti mimi. Ndipo Kornelio akauliza, "Na nani aliyekupa kipimo cha namna hii?"

Kibwana akageuka. Macho yake yakatafuta kwenye kundi la wanawake mpaka yakanipata. Nikavuta kanga nikajifunika kichwa. Nikasema moyoni, sasa ananitaja, leo naaibika mbele ya Lushoto nzima.

"Ni mimi mwenyewe," akasema.

Nami, Mwanamwema, ambaye mji mzima unajua ulimi wangu haulali, nilinyamaza kimya.

Nilipofika nyumbani yeye alikuwa ametangulia na gari, wala hakugomba. Angegomba ningejua la kumjibu. Alivua kofia, akaikung'uta, akasema polepole, "Wote wacheke, Mwanamwema. Lakini na wewe?"

Mwenye kosa ndiye mwenye makelele, hilo nalijua sasa. Sikusema nisamehe. Nikaanza habari ya kitanda! Nikamwambia nimechoka kulala chini kama mgeni wa msibani, anirudishie kitanda changu au nikalale kwetu kwenye kitanda. Akasema, "Kitanda kiko kwenye gari." Asubuhi nikafunga kanga zangu, nikapanda lori la mboga mpaka Lukozi.

Sasa kwetu, mke akishakimbilia kwa wazazi harudi kwa miguu yake mwenyewe. Ni aibu. Lazima mume amfuate, asalimie wakwe, aulizwe, atoe faini, ndipo akabidhiwe mkewe. Na kabla ya hapo huulizwa mke. Baba akaniketisha.

"Amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Amekunyima chakula?"

"Hapana."

"Ameleta mwanamke?"

"Hapana. Amekata kitanda, akatengenezea gari."

"Kitanda changu?" mama akauliza kutoka jikoni, na mwiko ukaanguka. Baba yeye hakujali kitanda. Aliuliza gari lipi. Nilipomwambia ni la yule Mzungu, akashika kiuno chake kwa mikono miwili.

"Hamisi," akamwita utingo, aliyekuwa bado anapakia kabichi. "Kamwambie Kibwana aje kumchukua mkewe kwa gari hilohilo. Lipande lenyewe mpaka mlangoni pangu. Likisukumwa hata kwa kidole kimoja, ageuze arudi peke yake, nami nitamwita shehe tuimalize habari hii. Nampa mpaka gulio la tatu."

Mimi sikutaka talaka, jamani. Nilitaka kitanda, na nilitaka kuombwa radhi kwa kosa langu mwenyewe. Na kilima kilichopanda mpaka mlangoni petu nilikijua: ndicho kilekile kilichomvunja baba mgongo.

Gulio la kwanza Hamisi akaja na habari. "Mwalimu Leonard amempatia matairi mengine mawili ya inchi kumi na sita, sasa anayo manne sawasawa. Mji mzima unamwambia abadilishe. Amekataa. Watoto wakimwona wanamwigizia mlio wa kuku, na yeye anapita tu."

"Mwambie abadilishe!" nikasema. "Mwambie aache ubishi, baba hatanii. Nani anapanda mlima na gari lililoinama?"

Gulio la pili Hamisi akarudi, akakuna kichwa. "Nimemwambia. Amesema hivi: kikombe chako hakikukosea."

Ee! Nilidhani ananisimanga. Nikamfukuza Hamisi kana kwamba ndiye aliyesema. Halafu nikaenda nyuma ya migomba nikalia, maana mtu akikusimanga kwa haki yake utamjibu nini? Kutwa nzima chakula hakikunipita kooni, na mama akaanza kunitazama tumbo akihisi jambo jingine.

Gulio la tatu likafika. Watu waliuza haraka haraka siku ile, hata maharage yalipungua bei, kila mtu akimbilie kilimani. Baba alitoa kigoda chake akakaa juu kabisa, mikono kifuani. Vijana wanne aliwaweka kandokando ya njia, wasisukume ila wahakikishe hakuna anayesukuma. Jua likasogea, ukungu ukateremka kutoka msituni, Kibwana hayupo. Wengine wakaanza kwenda zao. "Bado," baba akasema, na sauti yake haikuwa na furaha niliyoitegemea.

Ndipo tukaisikia injini huko chini. Njia ya kuja Lukozi ina milima na vibonde. Milima alikuwa ameipanda, na vibonde alivivukaje, mtaona. Gari likatokea konani, la kijani, makalio juu vilevile. Hamisi ameketi kando yake kama mshenga, ameshika ubavu wa gari kwa kucha. Watu wakaanza kuguna, "Kuku huyo, kuku huyo." Likaushika mlima.

Nilifumba macho. Nilijua sauti ya kungoja: injini hukohoa mara mbili, inakufa. Ikaja moja. Kho! Nikamshika mama mkono. Nikangoja ya pili. Haikuja. Baadaye Hamisi aliniambia aliyekohoa ni yeye, alimeza mdudu.

Nikafumbua macho, na hapo nikaona. Gari lile lililokuwa likiinama kwenye uwanja sasa halikuinama. Mlima uliinua pua yake, na magurudumu ya lori yakainua nyuma yake, likawa limetulia sawasawa kama meza, linapanda. Petroli haikuwa na mahali pa kukimbilia ila kwenda mbele kwenye injini. Kilima kile na ua wetu vimelala sawa! Kibwana aliligundua hilo siku ileile ya Iddi, alipolipandisha kurudi nyumbani huku watu wakimzomea, likapanda mahali ambapo siku zote lilikufa. Angeniambia jioni ile. Sikumpa nafasi, nilikuwa na habari za kitanda.

Likafika juu, likasimama mbele ya kigoda cha baba. Hapana kidole kilicholigusa. Kibwana akashuka, vumbi mpaka kwenye kope, akainama. "Shikamoo, baba."

"Marahaba." Baba hakuinuka mara moja. Halafu akainuka, akalizunguka gari, akaweka kiganja kwenye boneti, akachuchumaa kwa taabu akatazama tairi la mbele, akaenda akatazama la nyuma. "Kijana," akasema, "gari hili lilinivunja mgongo. Leo limepanda kama mtu anayeitwa kula. Nani aliyekupimia matairi haya?"

Swali lilelile la Kornelio. Safari hii Kibwana hakugeuka kunitafuta. Aliinua mkono, akanionyesha nilipo.

"Mke wangu, baba. Alinipimia kwa kikombe cha chai."

Watu wote wakanigeukia, wanapiga vigelegele, wananiita fundi. Mimi nilikuwa nalia. Siku ya kuchekwa alibeba peke yake, siku ya kusifiwa ananipa mimi, tena mbele ya baba yangu. Sikuweza. Nikapita katikati ya watu, nikasema kwa sauti yangu yote, maana sina nyingine, "Baba, siku ya Iddi alipochekwa kipimo kilikuwa changu. Nilijua. Nilinyamaza nikacheka kuliko wote."

Baba akanitazama, akamtazama Kibwana, akaketi tena kwenye kigoda. "Kumbe aliyekosewa ni huyu! Nami nimempandisha mlima bure!" Akawaza kidogo. "Basi faini ni yetu. Mama Mwanamwema, toa jogoo."

Mama hakutoka. Mama mkwe hatazamani na mkwewe, na yeye tangu gari lilipofika alikuwa amekimbilia jikoni akichungulia kwenye upenyo wa mlango. Jogoo alitolewa kwa mkono tu. Kisha sauti ikasema, "Muulizeni, kile kiti ni kitanda changu?"

Kibwana akageukia migomba ili asiangalie mlango. "Ndicho, mama. Nisamehe."

"Kinakalika?"

"Kinakalika vizuri sana, mama."

"Haya. Nitawaletea cha mti. Hicho msikikate."

Hamisi akashuka kunipisha, nikapanda. Nikakaa kwenye kitanda changu, jogoo miguuni, na mkono wa mama ukanipitishia kikombe cha chai cha safari, kimejaa. Watu wakasogea kumpisha Kibwana ageuze gari. Hakugeuza. Akatia rivasi.

Maana fikirini wenyewe. Gari lile lingeshuka kwa pua tungemwagika barabarani sote wawili na jogoo wetu. Hamisi na sungura wake walikuwa na haki yao. Vibonde vyote vya njiani alikuwa amevishuka kinyumenyume, na mlima huu nao tukaushuka hivyohivyo, yeye amepinda shingo anatazama njia nyuma, mimi nimetazama kwetu. Chai ilitulia magotini, haikumwagika hata tone.

Basi kwa kuwa mkwewe alikuwa ametazama kule, mama akatoka jikoni. Alitoka mpaka barabarani kabisa, akasimama karibu na baba, akanipungia mkono kwa raha zake, bila kujificha kwa mtu. Siku ya harusi yangu niliondoka nimefunikwa, sikumwona. Nilimpungia mpaka kona ikatuficha.

Shingo ya Kibwana ilibaki imepinda juma zima. Nilimkanda kila jioni kwa mafuta ya nazi, pale chini kwenye godoro, wala sikuuliza habari ya kitanda.